MASHAHIDI WA UFA

Sehemu ya Tisa

Kioo chenyewe hakikuzidi urefu wa kidole. Kilikuwa kiganjani mwa Dada, na nyayo za mtu zilikuwa zinakuja nyuma yake. Hapo ndipo ukurasa ulipotubana wiki iliyopita, na najua wapo walionung'unika kwamba nawanyima usingizi kwa kipande cha kioo. Anayesema hivyo hajawahi kubomoa nusu ya nyumba huku mama yake mzazi akilala katika nusu nyingine.

Kwa aliyedandia safari njiani, ashike hapa. Nyumba ni ya ghorofa moja, na aliijenga marehemu baba yake Dada kwa mikono yake miaka arobaini na moja iliyopita. Upande wa nyuma, wenye jiko, stoo na vyumba viwili, unabomolewa ili ujengwe upya kwa nafasi zaidi. Upande wa mbele unabaki. Katikati umesimama ukuta mkubwa, na ukuta huo una ufa ulioteremka kutoka darini mpaka sakafuni.

Fundi mkuu wa kazi anaitwa Timazi, kwa kuwa haamini ukuta wowote mpaka auning'inizie uzi wake wenye chuma kizito mwishoni. Timazi hakuuziba ule ufa. Alibandika juu yake vipande kumi na viwili vya kioo kwa plasta, kimoja kila baada ya shubiri.

"Hawa ndio mashahidi wangu," aliiambia familia. "Kioo hakijui kuvutika. Ukuta ukisogea hata unywele, kinakatika. Akikatika shahidi mmoja, nyundo zinalala."

Vipande vile alivikata Dada mwenyewe, kifungua mimba wa nyumba hiyo, fundi wa fremu za picha, ambaye hata mama yake humwita Dada. Siku tisa zilipita, mashahidi wote wazima. Asubuhi ya siku ya kumi Dada alipita ukutani na kikombe cha chai, akamwona shahidi wa saba hamkai machoni. Akambandua. Plasta yake ilikuwa bado mbichi, na kioo hakikuwa kile alichokikata yeye.

Methali ya ufa na ukuta najua imeshakufika mdomoni, msomaji. Imeze kidogo. Katika nyumba hii alikuwapo mtu anayeushughulikia ufa kila siku, na hatari ilikuwa hapo hapo.

Dada akageuka.

Nyuma yake alisimama mdogo wake wa mwisho. Mkononi alishika mwiko, na mwiko ulikuwa na plasta.

Huyu ndiye Haraka. Jina hilo alilipata siku aliyozaliwa kabla mkunga hajavua viatu, na tangu hapo hajampa mtu nafasi ya kulisahau. Majirani wameshamaliza methali zote za haraka na baraka juu yake, naye anaendelea kukimbia.

"Unafanya nini na huo mwiko?" Dada aliuliza.

"Nimeuokota. Na wewe unabandua nini hapo? Si tumeambiwa vioo havishikwi?"

"Hiki si kioo changu."

"Dada, kioo ni kioo."

"Kwako. Changu ni kinene, na kingo zake nimezisugua kwa jiwe zisimkate mtu. Hiki ni chembamba na kina mawimbi, kioo cha zamani. Kuna mtu amekibandika leo asubuhi, mahali pa kilichokatika."

Haraka aliutazama mwiko mkononi mwake, akamtazama dada yake, na hesabu ikamwingia.

"Unanishuku mimi?"

"Nani mwingine? Ulisema mbele ya mafundi wote kwamba mvua haitakukuta bila paa. Ulisema atakayesimamisha kazi hii atakuwa amekosana na wewe."

"Nilisema. Nina watoto watatu katika chumba kimoja, ningesema nini? Lakini Mama analala nyuma ya ukuta huu, Dada. Kitanda chake kimeuegemea. Unadhani naweza kumchezea Mama?"

Alisema kwa sauti ya chini, na Haraka akisema kwa sauti ya chini ujue imemuuma. Dada aliona aibu.

"Basi umeuokota wapi?"

"Bafuni, ndani ya beseni. Nimeingia kunawa mikono, nikaukuta."

Alikuwa ameshaanza kusema jambo lingine alipoona uso wa dada yake umebadilika.

Familia nzima ilikuwa imehamia ng'ambo ya barabara tangu kazi ianze. Ng'ambo hiyo iko nyumba ya pili ya ukoo, nayo ni kazi ya marehemu, inayoitwa nyumba ya Baba Mdogo ingawa Baba Mdogo alishahama miaka mingi. Dada na binti zake wawili walikuwa huko, na Haraka na mkewe na watoto wao watatu. Aliyekataa katakata kuhama ni mmoja. Bafu lile lilikuwa na mtumiaji mmoja tu.

"Dada," Haraka alisema, "usiniambie unafikiria ninachofikiria."

Dada alikifungia kioo ndani ya kiganja. Kwa nukta chache alitaka kukitia mfukoni, achanganye plasta, arudishe kipande chake kizima, yaishe kifamilia. Angefanya hivyo pengine, lakini mlangoni palisikika kikohozi.

Timazi aliingia na daftari lake kwapani, kama kila siku saa mbili kamili. Alikuja kuwasoma mashahidi.

"Hamjambo hapa? Mbona mmesimama kama watu wa msibani?"

Mama akiaibika, Dada angeishi naye. Mama akifa asingeweza. Akafungua kiganja.

"Fundi, mashahidi wako wamebadilishwa."

Timazi hakuuliza mara mbili. Alimpa Dada tochi, akampa na ngazi fupi. Dada alianza juu, akashuka, akipitisha ukucha kwenye kingo za kila kioo. Wa kwanza ni wangu. Wa pili wangu. Wa tatu si wangu. Wa nne wangu. Alipofika chini, watano walikuwa wageni.

"Watano," Timazi alisema. Alichomoa kalamu sikioni, akaipeleka kwenye ufa. "Siku tuliyoanza, ufa huu ulipokea ncha ya kalamu hii. Tazameni."

Kalamu iliingia mpaka katikati.

Timazi alitoka nje, akapiga filimbi. Nyundo zilizokuwa zikigonga tangu asubuhi zikanyamaza moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nyumba ile ikawa kimya. Ndani ya ukimya huo wote watatu walisikia kitu walichokuwa hawajakisikia. Ndani ya ukuta mchanga ulikuwa ukimiminika, kidogo kidogo, kama mtu anayepima mchele.

"Hauendi kulia wala kushoto," Timazi alisema. "Unazama. Lazima nione umesimama juu ya nini. Leteni sururu."

Vibarua wawili walifika. Timazi aliwachorea duara sakafuni, chini ya ukuta. Sururu ya kwanza ilikuwa imeshainuliwa sauti iliposema kutoka mlango wa chumbani.

"Hapo hapachimbwi."

Mama alikuja akiburuta kiti. Hakukimbia, hakupandisha sauti. Alikiweka kiti katikati ya duara, akakaa, akaiweka mikono mapajani.

"Shikamoo, Mama," Timazi alisema.

"Marahaba. Hapachimbwi."

"Mama, ukuta unazama."

"Nilikuita ubomoe jiko. Kufukua sikukuita."

Vibarua walitazamana. Sururu ikashushwa polepole, maana hakuna kibarua aliyeajiriwa kugombana na mama wa watu.

Timazi alichuchumaa mbele ya kiti. Yeye naye alikuwa na lake moyoni. Mwiko wa kwanza katika maisha yake alishikishwa na marehemu, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Mwamba na kusema nyumba ya Mwamba haina ufa.

"Mama, mimi ni mwanafunzi wa mzee. Nikichimba hapa sichimbi kumtafuta ubaya. Natafuta pa kuegemeza ukuta usikuangukie."

"Kama ni mwanafunzi wake, mwamini."

Timazi alimtazama Dada, na Dada hakuwapo. Alikuwa ameingia chumbani kwa mama yake.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na kichwa cha kitanda kimegusa ukuta wenye ufa. Juu yake ilining'inia picha ya harusi ya wazazi katika fremu ya rangi ya dhahabu, picha ambayo Dada aliijua kabla ya kujua kusoma. Aliishusha. Fremu ilikuwa nyepesi kuliko alivyozoea. Bwana harusi na bibi harusi walikuwa hawana kioo mbele yao, na vumbi la ubomoaji limeshaanza kuwatua usoni.

Nyuma ya mto alikuta kalamu yake ya kukatia kioo, aliyoitafuta karakanani wiki nzima na kumlaumu kila aliyepita.

Alirudi na vyote viwili. Aliilaza fremu mapajani mwa mama yake, akaweka kalamu juu yake.

Mama alipitisha kidole mahali palipokuwa na kioo.

"Nilijitahidi kukata nyoofu," alisema. "Mkono umezeeka."

"Mama, kwa nini?" Haraka aliuliza.

"Niliona cha kwanza kimekatika siku ya nne, alfajiri, nilipoamka kuswaki. Nikajua Timazi akikiona atasimamisha. Akisimamisha atachimba. Zilikuwa zimebaki siku chache tu nguzo mpya zisimame upande wa pili, ziushike ukuta. Mngejenga, mngepaka rangi, mngefurahi. Na baba yenu angelala na jina lake."

"Na wewe ukalala chini ya ukuta unaozama," Dada alisema.

"Nililala na mume wangu chini ya ukuta huu miaka yote. Sikuona ajabu."

Dada alihisi hasira na machozi vikipanda pamoja, akashindwa kujua kipi akimeze kwanza. Ndani ya ukuta mchanga ulimiminika tena.

"Mama," Timazi alisema, "msingi wa hapa una kina gani?"

Siri ya mtungi aijuaye kata, na aliyemchotea Mwamba maji ya kukorogea zege alikuwa yule mama. Aliinua mguu, akaonyesha kwa kidole, chini kidogo ya goti.

"Hapa."

Timazi alifumba macho. "Kwa nyumba ya ghorofa, Mama, ungefika kifuani."

"Anajua. Alijua. Unadhani hakujua? Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kifupi na mawe yalikuwa ya nyumba moja. Lakini alikuwa ameshatoa neno mbele ya wazee wa ukoo, kwamba yeye na mdogo wake watahamia pamoja, siku ile ile, kila mtu kwake. Wanaume na neno lao. Akasema mawe ya moja yatatosha mbili. Akasema atakuja kuongeza baadaye. Kila mwaka ilikuwa baadaye."

Haraka alivuta pumzi, akaiachia. Unamjua alivyo, tayari alishafika mwisho wa jambo wakati wenzake wako mwanzo.

"Sawa. Imekuwa. Tumtoe Mama sasa hivi, ukuta uegemezwe kwa mirunda, msingi uchimbwe upya kipande kwa kipande. Jina la baba tutalisemea wenyewe. Bahati nzuri watu wote wako salama kwa Baba Mdogo."

Mama alikuwa anaitazama picha.

Dada aliona mikono ya mama yake. Ilikuwa imetulia muda wote ule, hata sururu ilipoinuliwa. Sasa ilikuwa inaigeuza fremu kifudifudi.

"Mama," Dada alisema taratibu. "Yale mawe. Yaligawanywa sawasawa?"

Mama aliikumbatia fremu kifuani.

"Mama."

"Hapana."

"Nani alipewa mengi?"

"Tulikuwa na wewe tayari," Mama alisema. "Ulikuwa unatambaa. Baba Mdogo hakuwa na mke wala mtoto. Baba yako akasema penye mtoto ndipo pawekwe mawe mengi." Aliinua macho. "Hii hapa ndiyo yenye msingi."

Mwiko ulimtoka Haraka mkononi ukaanguka sakafuni.

Mnakumbuka jinsi tulivyomcheka katika sehemu ya nne? Tangu siku ya kwanza alikataa hata tofali moja liende jaani. Tofali la baba halitupwi, alisema, litajengea nyumba mpya. Kila jioni aliwabebesha vibarua matofali mazima, milango, fremu za madirisha, mabati na mifuko ya saruji, vyote vikapelekwa mahali pakavu na salama. Mahali hapo palikuwa ghorofani, nyumbani kwa Baba Mdogo, chumba cha kushoto kwa ngazi. Katika chumba cha upande wa kulia walilala watoto.

"Mangapi?" Timazi alimuuliza. Hakuhitaji kufafanua.

"Sikuyahesabu." Haraka aliinua mkono mpaka kifuani. "Yamefika dirishani."

"Watoto wako wapi saa hizi?"

"Si likizo? Wako humo humo, na mama yao."

Mama alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake na duara likabaki wazi, lakini hakuna aliyekuwa na haja nalo tena.

"Kule kuna shahidi," alisema, na sasa maneno yalimtoka mbio. "Chini ya ngazi, nyuma ya mafagio. Baba yenu alimbandika mwenyewe, miaka mingi iliyopita. Alipoondoka nikaanza kwenda mimi, kila Ijumaa, nasingizia kufagia. Hajawahi kukatika. Sikuzote mzima."

"Mara ya mwisho umemwona lini?"

"Kabla hamjahamisha vitu. Baada ya hapo nilikuwa nashughulika na hawa wa hapa." Alimshika Dada mkono. "Ningejua mnapeleka matofali juu ningesema. Wallahi ningesema. Nilidhani mmeyaweka uani."

"Twende nje, Mama," Timazi alisema. Alimwekea mkono mgongoni, akamgeukia Dada. "Nikimfikisha uani nawafuata. Toeni watu mmoja mmoja. Msikimbie kwenye ngazi, msigongegonge kitu."

Dada alikuwa ameshavuka kizingiti.

Barabara ile ina upana wa hatua kumi na mbili. Aliivuka bila kutazama gari. Jirani mmoja alimsalimia, akabaki na salamu yake. Nyumba ya Baba Mdogo ilikuwa imesimama vile vile, kuta zake njano, nguo za watoto kwenye kamba, mlango wazi. Kutoka juu ilisikika sauti ya kamba ikipiga sakafu na miguu ikitua, watoto wakihesabu. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Walikuwa wanaruka kamba.

Aliingia. Alipiga magoti chini ya ngazi, akasukuma mafagio, ndoo na gunia la viatu vya zamani. Akawasha tochi.

Shahidi alikuwapo. Kioo chembamba cha zamani kilicholala juu ya ufa, chenye plasta ya mkono wa fundi kila upande. Katika plasta kulikuwa na alama ya dole gumba la baba yake, ambalo Dada angelitambua popote kwa kovu lake. Kioo kilikuwa kizima, hakina hata mstari.

Alikaa sakafuni kati ya viatu, akacheka peke yake, akajifuta macho kwa kiwiko. Alimsamehe baba yake papo hapo, na mama yake pia. Aliona watatoka kwa utaratibu, matofali yatashushwa, watu watakunywa chai na kulaumiana kwa raha zao.

Kisha mkono wa fundi ukafanya kazi yake bila kuulizwa. Alipitisha ukucha kwenye ukingo wa kioo, kama alivyofanya kule, upande wa kulia, halafu upande wa kushoto.

Upande wa kushoto kioo kilicheza.

Plasta ilikuwa imeachia. Shahidi wa baba hakuwa amekatika kwa sababu hakuwa ameshika kitu, alikuwa ananing'inia kwa upande mmoja tu, ufa ukifunguka chini yake bila kumgusa. Dada alikigusa, kikaanguka mapajani mwake. Aliingiza kidole mahali kilipokuwa. Kikazama mpaka kifundo cha pili, na ncha ya kidole ikahisi upepo.

Juu, watoto walikuwa wamefika thelathini na nane.

"Nani huko chini?" sauti ya wifi yake iliita kutoka ghorofani. "Ni wewe, wifi? Hebu niitie mume wangu aje na nyundo. Mlango wa chumba umegoma tangu asubuhi, nimeusukuma mpaka bega linauma. Tumefungiwa humu na watoto wote watano, na madirisha yenyewe yana nondo."

Kabla Dada hajasimama, kivuli kilipita mlangoni. Haraka alikuwa ameshafika, nyundo kubwa mkononi, mguu wake kwenye kidato cha tatu cha ngazi.

"Usigonge," Dada alisema.

"Wako ndani, Dada. Nakwenda kuvunja mlango."

"Haraka, nisikilize. Mlango ni fremu. Fremu ikiwa mraba, inafunguka. Ikigoma, kuna kitu kimeiketia. Ukuta umekaa juu ya mlango ule. Ukiuvunja, unatoa kitu pekee kinachouzuia."

Miaka thelathini mtu huyu hakuwahi kusimama akiambiwa simama. Siku hiyo alisimama. Nyundo ilibaki hewani, na jasho likamshuka kutoka kwenye kidevu mpaka kwenye kidato.

"Tufanye nini basi?" alinong'ona.

Dada alijua jambo moja tu, kwamba miguu ile juu isitue tena. Alipanda vidato viwili, akaegemeza mkono ukutani, akaitengeneza sauti yake iwe ile ya siku zote ya kuwaita watoto mezani.

"Wanangu. Acheni kamba. Tunacheza mchezo mwingine, mchezo wa sanamu. Kila mtu asimame alipo, asicheze hata kidole. Wifi, na wewe umo. Atakayesogea ameshindwa."

Kamba ilipiga sakafu mara ya mwisho. Vicheko viwili vitatu, kisha mtu akasema shii, kisha kimya kikashuka nyumba nzima.

Ndani ya kimya hicho Dada aliusikia mchanga. Huku haukumiminika kidogo kidogo.

Binti yake wa miaka saba ndiye aliyeongea, nyuma ya mlango, kwa sauti ya mtoto anayeogopa kuonewa katika mchezo.

"Mama, sisi hatujasogea," alisema. "Ukuta ndio umesogea."